Iker Casillas: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maisha yake ya langoni

Kati ya mwaka 1999 na 2019, hakuna mlinda mlango wa Hispania aliyesimama langoni katika mechi nyingi zenye uzito kama Iker Casillas. Hata hivyo, wapenzi wengi wa soka wanamkumbuka kwa mambo mawili tu, yaani mguu uliomnyima Arjen Robben wa Uholanzi bao katika fainali ya Kombe la Dunia la 2010 mjini Johannesburg na machozi ya siku alipoiaga Real Madrid. Majibu yanayofuata yanamlenga msomaji anayetaka kujua yaliyokuwapo kabla ya siku hizo, baada yake na katikati yake.

Casillas alizaliwa wapi, na alianzaje soka?

Iker Casillas Fernández alizaliwa tarehe 20 Mei 1981 na kukulia Móstoles, mji wa wafanyakazi wa kawaida ulio kusini-magharibi mwa jiji la Madrid. Baba yake alikuwa mtumishi katika wizara ya elimu na mama yake alikuwa mtengeneza nywele; asili ya familia ni Navalacruz, kijiji cha mkoa wa Ávila. Kuna kisa kinachosimuliwa sana nchini Hispania kwamba baba alimtuma mwanawe akiwa mdogo apeleke fomu ya kubashiri matokeo ya mechi za wiki, mtoto akasahau, na wiki hiyo hiyo ubashiri wote wa baba ukawa sahihi.

Aliingia katika shule ya soka ya Real Madrid akiwa na umri wa miaka tisa hivi, akapanda ngazi moja baada ya nyingine bila kupelekwa kwa mkopo klabu nyingine. Jambo hili ni la msingi kwa kila anayetaka kuelewa uzito wa yaliyomkuta baadaye. Real Madrid ya miaka ya 2000 ilikuwa klabu ya kununua majina makubwa kutoka kila pembe ya dunia, na Casillas alikuwa mmoja wa wachache waliotokea ndani ya nyumba yenyewe wakadumu.

Ni kweli kwamba aliitwa kikosi cha kwanza akiwa darasani?

Ni kweli. Mwezi Novemba 1997 Real Madrid ilikuwa inajiandaa kusafiri kwenda Norway kucheza na Rosenborg katika Ligi ya Mabingwa, ikawa na upungufu wa makipa. Casillas, aliyekuwa na umri wa miaka 16, alifuatwa shuleni akaambiwa aende uwanja wa ndege. Hakucheza, lakini tangu siku hiyo jina lake lilijulikana kwa watu wa benchi la ufundi.

Mechi yake ya kwanza ya ushindani ilikuja tarehe 12 Septemba 1999, ugenini San Mamés dhidi ya Athletic Bilbao, chini ya kocha John Toshack, na ikaisha kwa sare ya mabao 2-2. Majeraha ya Bodo Illgner, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 1990, ndiyo yaliyomfungulia mlango msimu ule. San Mamés ya wakati ule haikuwa mahali pa kumtupa kijana ili ajaribiwe, kwa maana mashabiki walikaa karibu mno na lango na timu mwenyeji ilipenda kumimina krosi ndani ya boksi. Kijana wa miaka 18 aliyetoka pale akiwa bado na imani ya kocha alikuwa amefaulu mtihani mgumu.

Alishindaje Ligi ya Mabingwa akiwa na miaka 19?

Toshack alifukuzwa mwezi Novemba 1999, na nafasi yake ikachukuliwa na Vicente del Bosque, mtu aliyekuwa amefanya kazi kwa miaka mingi na vijana wa klabu hiyo, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa Casillas ni nani. Real Madrid ilimaliza ligi ikiwa nafasi ya tano, lakini Ulaya ilikuwa timu nyingine kabisa. Katika robo fainali iliwatoa mabingwa watetezi, Manchester United, kwa ushindi wa mabao 3-2 Old Trafford baada ya sare tasa Madrid, na usiku huo kipa alifanya kazi kubwa kuliko matokeo yanavyoonyesha.

Fainali ilichezwa Stade de France tarehe 24 Mei 2000, siku nne tu baada ya Casillas kutimiza miaka 19. Real Madrid iliifunga Valencia 3-0, naye akawa kipa mdogo kuliko wote waliowahi kucheza na kushinda fainali ya mashindano hayo. Langoni upande wa Valencia alikuwa Santiago Cañizares, ambaye miaka michache nyuma alikuwa kipa wa Real Madrid hiyo hiyo. Jina hilo tutakutana nalo tena.

Kama alikuwa bora kiasi hicho, kwa nini alianzia benchi fainali ya 2002?

Kwa sababu alikuwa amepoteza nafasi yake. Katika msimu wa 2001–02 Del Bosque aliona makosa yanamzidi kijana, akampa lango César Sánchez, kipa mzoefu na mtulivu. Tarehe 15 Mei 2002, uwanja wa Hampden Park mjini Glasgow, César ndiye aliyeanza dhidi ya Bayer Leverkusen. Zinedine Zidane alikuwa ameshafunga bao lake maarufu la mguu wa kushoto na matokeo yalikuwa 2-1 César alipoumia katika kipindi cha pili.

Casillas aliingia akiwa hajagusa mpira jioni nzima. Dakika za mwisho Leverkusen walishambulia kama watu wasio na cha kupoteza, mpira ukawa unarudi ndani ya boksi kila ulipoondolewa, na kipa aliyetoka benchi akaokoa mara tatu kwa mfululizo, zikiwemo mbili za karibu sana ambazo alizizuia kwa miguu. Kipenga kilipolia alikuwa analia. Kwa maoni ya mwandishi wa majibu haya, dakika zile za Glasgow ndizo zilizomfanya Casillas, zaidi hata ya fainali ya Paris, kwa kuwa ya Paris aliifikia akiwa amebebwa na timu, na ya Glasgow aliibeba mwenyewe.

Aliipataje namba moja ya timu ya taifa?

Alicheza mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa tarehe 3 Juni 2000 dhidi ya Sweden, iliyoisha 1-1, na akawa katika kikosi cha Euro 2000 bila kucheza. Kuelekea Kombe la Dunia la 2002 Korea Kusini na Japani, kipa namba moja alikuwa Cañizares. Siku chache kabla ya mashindano chupa ya manukato ilimponyoka Cañizares hotelini, akajaribu kuizuia kwa mguu isivunjike, na kioo kikamkata mshipa wa kano mguuni. Casillas, aliyekuwa ametoka tu kushinda Glasgow, akapanda.

Katika hatua ya 16 bora, mjini Suwon tarehe 16 Juni, Hispania ilikutana na Ireland. Casillas aliokoa penalti ya Ian Harte ndani ya muda wa kawaida, kisha baada ya sare ya 1-1 akaokoa mikwaju ya David Connolly na Kevin Kilbane, na Hispania ikapita kwa matuta 3-2. Magazeti ya Hispania yakamwita San Iker, yaani Mtakatifu Iker, na jina likamganda. Siku sita baadaye Hispania ilitolewa na wenyeji Korea Kusini, nako kwa penalti, katika mechi ambayo Wahispania wanaikumbuka kwa mabao yao mawili yaliyokataliwa.

Ubora wake hasa ulikuwa upi?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu Casillas hakuwa na umbo wala mtindo ambao makocha wa makipa huutafuta. Urefu wake ulikuwa kama mita 1.82, ambao kwa kipa wa kiwango cha dunia ni mdogo. Hakuwa na mikono mirefu ya Edwin van der Sar wala mwili wa Oliver Kahn. Alichokuwa nacho ni miguu myepesi na macho yaliyosoma nia ya mshambuliaji mapema.

Mtazame anapobaki ana kwa ana na straika. Makipa wengi hukimbilia mpira na kujitupa chini mapema, wakimpa mpigaji nafasi ya kuamua. Casillas alitoka hatua mbili au tatu za haraka, akasimama, akainamisha magoti kidogo huku uzito ukiwa kwenye vidole vya miguu, akangoja. Mshambuliaji ndiye aliyelazimika kuamua kwanza, na akishaamua, kipa alikuwa na mkono upande mmoja na mguu upande mwingine. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mipira aliyookoa katika mechi kubwa aliizuia kwa mguu, na haikuwa bahati. Ilikuwa namna yake ya kuziba pembe zote mbili kwa mwili mfupi.

Mfano mwingine ni wa tarehe 4 Oktoba 2009 uwanjani kwa Sevilla. Mpira ulikatiza mbele ya lango ukamkuta Diego Perotti karibu kabisa, lango likiwa wazi upande wake, kwa maana Casillas alikuwa kwenye nguzo ya pili. Alikimbia upana wa lango lote na kujitupa, akauzuia mpira ambao uwanja mzima ulikuwa umeshaanza kuushangilia. Real Madrid ilipoteza mechi ile 2-1, na hilo limefanya wengi waisahau, lakini kwa upande wa ufundi ni vigumu kutaja kazi bora kuliko ile katika miaka yake yote ya ligi.

Na udhaifu wake?

Ulikuwa wazi, na wapinzani waliujua. Mipira ya juu ilimsumbua tangu mwanzo hadi mwisho. Mara nyingi aliamua kubaki kwenye mstari, na mara alipotoka hakufika wakati wote. Kucheza kwa miguu nako hakukuwa sifa yake, ingawa alipiga vizuri kwa kushoto. Soka lilipobadilika na makocha kuanza kudai kipa awe mchezaji wa kwanza wa kuanzisha mashambulizi, Casillas alikuwa tayari na umri wa kutobadilika.

Euro 2008 ilikuwa na umuhimu gani kwake?

Kabla ya mwaka 2008 Hispania ilikuwa na taji moja kubwa tu, la Ulaya la mwaka 1964, na robo fainali ndiyo iliyokuwa kaburi lake. Tarehe yenyewe ilikuwa inatisha, kwani ilitolewa kwa penalti na Ubelgiji tarehe 22 Juni 1986, na Uingereza tarehe 22 Juni 1996, na Korea Kusini tarehe 22 Juni 2002. Robo fainali ya mwaka 2008 dhidi ya Italia, mjini Vienna, ilipangwa tarehe 22 Juni, na baada ya dakika 120 bila bao ikafika kwenye penalti.

Casillas, ambaye alikuwa nahodha tangu Raúl, mshambuliaji wa Real Madrid, alipoachwa nje ya kikosi mwaka 2006, aliokoa mkwaju wa Daniele De Rossi na wa Antonio Di Natale. Upande wa pili Gianluigi Buffon aliokoa mmoja, lakini Cesc Fàbregas akamaliza kazi na Hispania ikashinda 4-2. Wiki moja baadaye bao la Fernando Torres liliifunga Ujerumani katika fainali. Watu husema kizazi kile kilizaliwa na pasi za Xavi na Iniesta, na ni sahihi, lakini usiku wa Italia hakukuwa na pasi iliyosaidia.

Alifanya nini katika Kombe la Dunia la 2010?

Mashindano ya Afrika Kusini yalianza vibaya. Tarehe 16 Juni mjini Durban Hispania ilifungwa 1-0 na Uswisi, kwa bao la Gelson Fernandes lililotokana na purukushani mbele ya lango la Casillas. Baadhi ya vyombo vya habari vikatafuta mchawi, vikamlaumu mwandishi wa habari Sara Carbonero, mpenzi wa kipa huyo wakati ule, kwa sababu alikuwa akifanya kazi yake ya utangazaji karibu na lango. Lilikuwa shutuma lisilo na haki kwa mwanamke aliyekuwa kazini, na halikuwa na uhusiano wowote na namna bao lile lilivyoingia.

Kuanzia hapo Hispania iliruhusu bao moja tu, dhidi ya Chile, na hatua ya mtoano ikapita bila lango lake kuguswa kwa ushindi wa 1-0 mara nne, dhidi ya Ureno, Paragwai, Ujerumani na Uholanzi. Mechi ya Paragwai, tarehe 3 Julai uwanjani Ellis Park, ndiyo iliyokuwa karibu kuharibika. Matokeo yakiwa 0-0, Óscar Cardozo alipewa penalti. Casillas aliruka kushoto kwake, akaudaka mpira na kuukumbatia kabisa, bila kuutema. Baadaye alieleza kwamba mwenzake Pepe Reina, aliyekutana na Cardozo majira yale yale katika mechi za Liverpool na Benfica, ndiye aliyemdokeza mpigaji anapenda upande upi. Reina alikuwa kipa wa akiba asiye na matumaini ya kuanza, na mchango wake katika kombe lile hautajwi inavyostahili. David Villa alifunga dakika ya 83, na mwishoni Casillas akaokoa mara mbili mfululizo, ya pili miguuni pa Roque Santa Cruz.

Fainali ilikuwa tarehe 11 Julai, Soccer City. Dakika ya 62 Wesley Sneijder alichomekea pasi iliyowapita mabeki wawili wa kati na Robben akabaki peke yake, akiwa na nafasi ya kutosha na muda wa kufikiri. Casillas alitoka, akasimama, halafu akaanza kwenda kushoto kwake. Robben alipiga upande wa pili. Mwili wa kipa ulikuwa umeshaondoka, lakini mguu wa kulia uliachwa nyuma makusudi, ukiwa umenyooka, na ncha ya kiatu ikaugusa mpira kiasi cha kuupeleka nje ya nguzo. Dakika kama ishirini baadaye Robben alimpita Carles Puyol kwa mbio, na safari hii Casillas hakungoja. Alitoka haraka na kuutwaa mpira miguuni pake. Andrés Iniesta alifunga dakika ya 116. Nahodha alianza kulia kabla ya mechi kuisha, akainua kombe la kwanza la dunia katika historia ya nchi yake, kwenye ardhi ya Afrika, na akatunukiwa Glovu ya Dhahabu.

Ni kweli kwamba Hispania haikufungwa katika mtoano wa mashindano matatu?

Ndiyo. Ukihesabu mechi za mtoano za Euro 2008, Kombe la Dunia 2010 na Euro 2012, ni mechi 10, na Casillas hakuruhusu bao hata moja, zikiwemo zilizofika muda wa nyongeza. Mwaka 2012 aliokoa pia mkwaju wa João Moutinho katika nusu fainali dhidi ya Ureno. Fainali ya Kyiv iliisha 4-0 dhidi ya Italia, na katika dakika za mwisho kamera zilimnasa akimwomba mwamuzi msaidizi amalize mchezo kwa heshima ya wapinzani. Hakuna nahodha aliyewahi kuinua makombe matatu makubwa mfululizo kabla yake.

Mgogoro wake na José Mourinho ulikuwa nini?

Mwanzo haukuwa mbaya. Chini ya Mourinho, Casillas akiwa nahodha baada ya Raúl kuondoka mwaka 2010, Real Madrid ilishinda Kombe la Mfalme la 2011 dhidi ya Barcelona na ubingwa wa ligi wa 2011–12 kwa pointi 100. Lakini mechi za Madrid na Barcelona za kipindi kile zilikuwa zimegeuka ugomvi, na wachezaji wa timu hizo mbili walikuwa nguzo za timu moja ya taifa. Baada ya vurugu za Agosti 2011 Casillas alimpigia simu Xavi wa Barcelona ili watulize mambo. Nchi iliwashukuru wote wawili kwa Tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias ya michezo mwaka 2012, ila ndani ya klabu si kila mtu alilifurahia jambo hilo.

Tarehe 22 Desemba 2012, dhidi ya Málaga, Mourinho alimweka benchi na kumchezesha Antonio Adán, na timu ikafungwa 3-2. Mwezi Januari, katika mechi ya kombe dhidi ya Valencia, mchezaji mwenzake Álvaro Arbeloa alimpiga teke mkononi kwa bahati mbaya, mfupa ukavunjika. Klabu ikamsajili Diego López kutoka Sevilla, na hata Casillas alipopona hakurudi langoni hadi kocha alipoondoka. López alicheza vizuri, na haki itendeke kusema hivyo. Kocha ana mamlaka ya kumchagua anayemwona bora. Kilichoumiza ni namna jambo lilivyoachwa kuwa vita ya hadharani, mashabiki wakagawanyika makundi mawili na kipa aliyekulia pale akaanza kuzomewa Bernabéu, uwanja wa nyumbani wa klabu.

Ni nani alaumiwe kwa bao la Godín mwaka 2014?

Casillas mwenyewe, na hakuna haja ya kulizunguka. Msimu wa 2013–14 Carlo Ancelotti aligawa kazi, López ligini na Casillas katika Ligi ya Mabingwa na Kombe la Mfalme. Fainali dhidi ya Atlético Madrid ilichezwa Lisbon tarehe 24 Mei 2014, miaka 14 kamili tangu ile ya Paris. Dakika ya 36 alitoka langoni kuufuata mpira asioweza kuufikia, Diego Godín akaupiga kichwa juu yake, na kipa akarudi mbio akaupangua ukiwa umeshavuka mstari. Kwa karibu saa nzima alibeba mzigo huo. Dakika ya 93 Sergio Ramos alisawazisha kwa kichwa kutoka kona ya Luka Modrić, na mechi ikaisha 4-1 baada ya muda wa nyongeza. Alimkumbatia Ramos kama mtu aliyesamehewa deni, na kisha akainua La Décima, kombe la kumi la klabu, akiwa nahodha.

Aliondokaje timu ya taifa?

Taratibu, na kwa maumivu. Tarehe 13 Juni 2014 mjini Salvador, Uholanzi iliifunga Hispania 5-1. Bao la kichwa la Robin van Persie lilimpita juu, na jingine lilitokana na mpira uliomponyoka miguuni. Siku tano baadaye Chile ilishinda 2-0 na mabingwa wakafunga virago. Bao la pili la Chile lilitokana na mpira wa adhabu ambao Casillas aliupangua mbele badala ya pembeni. Baadaye David de Gea akachukua lango. Mechi yake ya mwisho ilikuwa ushindi wa 6-1 dhidi ya Korea Kusini tarehe 1 Juni 2016, ya 167 kwake. Alikwenda Euro 2016 bila kucheza.

Kwa nini aliagwa peke yake Madrid?

Uhamisho wake kwenda Porto ulitangazwa tarehe 11 Julai 2015, siku ile ile ya kumbukumbu ya fainali ya Johannesburg. Kesho yake alikaa mbele ya waandishi wa habari akiwa hana kiongozi wala mchezaji mwenzake pembeni, akasoma maneno aliyoyaandika na kusimama mara kadhaa kwa sababu ya kilio. Alisema angependa kukumbukwa kama mtu mwema zaidi ya kukumbukwa kama kipa mzuri au mbaya. Lawama zilipokuwa nyingi, siku iliyofuata klabu iliandaa hafla ya haraka pamoja na rais Florentino Pérez. Mtu aliyekaa pale miaka 25, kumi na sita kati yake katika kikosi cha kwanza, na kucheza mechi 725, alistahili hafla hiyo iwe ya kwanza na iandaliwe kwa moyo.

Alifanya nini Porto?

Zaidi ya wengi wanavyodhani. Alicheza mechi 156. Msimu wa 2017–18 kocha Sérgio Conceição alimweka benchi na kumpa nafasi kijana José Sá, lakini baada ya Porto kufungwa 5-0 nyumbani na Liverpool, mkongwe alirudi, akacheza marudiano ya Anfield yaliyoisha bila bao, na kumaliza msimu akiwa bingwa wa Ureno. Msimu uliofuata akawa mchezaji wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa katika misimu 20 tofauti.

Ni nini kilimaliza soka lake?

Tarehe 1 Mei 2019 alipata mshtuko wa moyo akiwa mazoezini, akiwa na umri wa miaka 37. Madaktari wa klabu walitambua haraka, akakimbizwa hospitali jijini Porto na kuwekewa kifaa cha kuzibua mshipa wa moyo. Hakucheza tena. Porto ilimpa kazi katika benchi la ufundi kama kiungo kati ya wachezaji na uongozi, na ikaendelea kumsajili katika kikosi kilichoshinda ligi na Kombe la Ureno msimu wa 2019–20. Mwezi Februari 2020 alitangaza kugombea urais wa shirikisho la soka la Hispania, akajitoa mwezi Juni, na tarehe 4 Agosti 2020 akatangaza kustaafu rasmi. Mwezi Desemba mwaka huo huo alirudi Real Madrid kufanya kazi katika taasisi yake ya huduma za jamii.

Mataji yake ni mangapi, na rekodi zipi zimebaki?

Akiwa Real Madrid alishinda Ligi ya Mabingwa mara tatu (2000, 2002 na 2014), La Liga mara tano na Kombe la Mfalme mara mbili, mbali na vikombe vya Super Cup, Kombe la Mabara la klabu (Intercontinental Cup) la 2002 na Klabu Bingwa ya Dunia ya 2014. Alitajwa na shirika la takwimu la IFFHS kuwa kipa bora wa dunia kila mwaka kuanzia 2008 hadi 2012. Rekodi ya mechi za timu ya taifa, aliyoichukua kwa Andoni Zubizarreta mwenye mechi 126, ilivunjwa na Sergio Ramos mwaka 2019, na ile ya mechi 177 za Ligi ya Mabingwa ilivunjwa na Cristiano Ronaldo mwaka 2021. Hata hivyo, katika mechi alizoichezea Real Madrid, Raúl pekee ndiye aliye juu yake, akiwa na 741.

Je, alikuwa bora kuliko Buffon?

Wawili hawa walikutana mara nyingi, Vienna 2008, Kyiv 2012, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2015, na tena Porto ilipotolewa na Juventus mwaka 2017. Kwa ufundi mzima wa kipa, yaani krosi, mpangilio wa mabeki, utulivu wa kila wiki na kudumu katika kiwango hadi umri mkubwa, Buffon alikuwa kamili zaidi, na yeye pia ni bingwa wa dunia, wa mwaka 2006. Lakini Buffon hakuwahi kushinda Ligi ya Mabingwa, na swali likiwa ni nani awe langoni mshambuliaji anapobaki peke yake na fainali bado ni 0-0, mwandishi wa majibu haya anamchagua Casillas bila kusita.